Ng'ombe Aliyelamba Jaruba

Esta aliachiwa na mama yake jaruba moja la mpunga huko Madibira. Alilipenda jaruba hilo kupita kiasi. Lakini msimu uliopita lilimvunja moyo. Maji yalijaa, ila mpunga ulidumaa na ncha za majani zikakauka. Mumewe, Ipyana, akaongeza mbolea. Mpunga ukazidi kunyong'onyea. Walivuna magunia mawili tu.

"Mwaka huu tuwaachie wafugaji walishie," alisema Ipyana. "Udongo umechoka."

"Jaruba la mama sitoi," alijibu Esta.

Asubuhi moja walimkuta ng'ombe wa jirani ndani ya jaruba. Nyasi zilikuwapo tele, lakini hakuzigusa. Alikuwa analamba udongo!

Mwanakhamisi, afisa ugani, alikuwa anapita. Alisimamisha pikipiki, akacheka, akamgeukia Esta.

"Mama Blessing, huyu ng'ombe amenitangulia kazi. Analamba chumvi."

Alichuchumaa, akakwangua unga mweupe juu ya udongo.

"Si mbolea hiyo?" aliuliza Ipyana.

"Hapana, Baba Blessing. Maji ya mfereji yana chumvi kidogo. Jua likiyakausha, chumvi inabaki. Kila msimu inaongezeka. Ikizidi, mizizi inashindwa kunywa, hata maji yakijaa. Na mbolea nayo ina chumvi. Mliuzidishia mpunga mzigo. Haya, maji yakishaingia humu, yanatolewa wapi?"

Ipyana alitazama chini. Miaka mitatu iliyopita aliziba tundu la kutolea maji kwa viroba vya mchanga.

"Maji ni ya zamu, afisa," alisema. "Nani amwage maji aliyoyasubiri wiki nzima?"

"Ndiyo maana chumvi haina pa kutokea. Zibueni. Zamu yenu ikifika, jazeni maji, yakae siku mbili, kisha yatoeni yote mtaroni. Fanyeni hivyo mara tatu kabla ya kupandikiza. Nitakuja kupima udongo."

Ipyana alizibua mwenyewe. Kuona maji yakiondoka kulimuuma kweli, lakini alivumilia. Baada ya mara ya tatu, Mwanakhamisi alikuja na kipimo chake.

"Chumvi imepungua," alisema. "Pandikizeni."

Esta alipiga vigelegele palepale.

Wiki zikapita. Kila siku Esta aliangalia ncha za majani. Zilikuwa kijani! Alimwita Ipyana aje kuona, kesho yake akamwita tena. Mpunga ukajaa masuke mpaka ukainama. Msimu huo walivuna magunia kumi na tisa.

Lakini siku moja kabla ya kuvuna, yule ng'ombe alirudi. Safari hii hakulamba udongo. Alikuwa na masuke ya mpunga mdomoni.

Ipyana ndiye aliyetangulia kukimbia, fimbo mkononi.

"Toka hapo! Hili jaruba la mama mkwe wangu!"

Esta alicheka mpaka akakaa chini ukingoni.