Kicheko Alichokifuta Kipepeo

Kipepeo-picha kiliruka kutoka kiganjani mwa Gwamaka, kikapanda juu ya ua wa nyumba yao mjini Mbeya, kikatulia hewani. Kilikuwa chombo kisichozidi kidole gumba, chenye mabawa manne na jicho moja. Kilipima jua na kuchagua upande, kisha akili mnemba iliyokuwa ndani yake ikapiga picha mia mbili kwa sekunde, ikabakiza iliyo nzuri kuliko zote na kufuta nyingine papo hapo. Gwamaka ndiye aliyekiunda. Nchi nzima ilikitumia, harusini na misibani, naye hakuona haya kujisifu.

Jioni hiyo alikuwa na haraka. Keshokutwa mkewe, Tusekile, angepanda chombo cha anga cha kwenda sayari ya Mirihi kutunza mitambo ya hewa, na angerudi baada ya miaka saba. Kutoka huko yangefika maandishi tu. Binti yao, Lugano, alikuwa na miaka mitatu. Angekua akimjua mama yake kwa picha.

Alimwambia Tusekile asikiangalie kipepeo, aendelee na kazi yake. Basi Tusekile akakaa kigodani, khanga kiunoni, akimenya viazi huku mwanga wa baada ya mvua ukimwangukia begani. Gwamaka akamtania kwamba huko Mirihi atakula maharage ya kukamua kwenye mrija kama dawa ya meno. Tusekile akacheka, wakacheka wote.

Picha zikatoka safi kabisa. Gwamaka akampelekea Lugano kibao cha kutazamia, akamuuliza huyu ni nani.

"Shangazi," Lugano akajibu.

Akamwonyesha nyingine. Shangazi tena. Gwamaka akacheka, akamuuliza mama sasa yuko wapi. Mtoto akafunika mdomo kwa kiganja, akafumba macho na kutikisa mabega.

Kicheko kikamkauka Gwamaka. Hivyo ndivyo Tusekile anavyocheka. Alilelewa na bibi yake, aliyecheka vivyo hivyo na kuwafundisha wajukuu kutowaanikia watu meno, na hata alipokuwa mhandisi mkubwa mkono ule ulipanda wenyewe. Gwamaka aliupenda mkono ule kabla hajalijua jina la mwenyewe. Akapekua picha za miaka tisa. Haukuwamo hata katika moja.

Hakuhitaji fundi wa kumweleza. Sharti la kipepeo aliliandika yeye mwenyewe: uso uliofunikwa ni kosa, futa.

"Mama Lugano," akasema, "nimekuwa nikikufuta."

Akamweleza yote. Tusekile akaweka kisu chini.

"Na bibi je? Zile picha zake za mwisho?"

Bibi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Gwamaka alitamani sana kusema uongo.

"Na bibi pia. Nisamehe."

Tusekile akalia, bila kelele, mikono ikiwa na maji ya viazi. Gwamaka akachuchumaa kando yake mpaka alipotulia. Kisha akakiita kipepeo kishuke, akaizima akili yake, akakishika kwa vidole kama wazee walivyoshika kamera zao. Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya mlima. Hakumwomba acheke; angemwombaje?

Lugano ndiye aliyesogea, ameshika kiazi kilichomenywa, akakisukuma kwenye jicho la kipepeo.

"Kula," akakiamuru. "Kula ushibe, uache kulialia."

Ndiyo maneno ambayo Tusekile humwambia yeye kila siku mezani. Mkono ukapanda. Gwamaka akabonyeza mara moja tu.

Picha ilikuwa imepinda. Macho yamefumbwa, nusu ya uso imejificha nyuma ya kiganja kilicholowa, na ganda la kiazi limenata kwenye kifundo cha mkono. Gwamaka akaitazama, machozi yakimlengalenga, kisha akampa mtoto kibao bila kuuliza kitu.

"Mama," Lugano akasema.

Akakikumbatia kibao kwa mikono yote miwili, na baba yake alipokitaka, akakataa kukirudisha.