Betri za Siku ya Ukaguzi

Friji la Léontine lilianza kunuka ziwa Jumatatu asubuhi, na ndani hamkuwa na samaki hata mmoja. Akalisugua kwa ndimu. Harufu ikazidi, maana ilitoka kwenye betri mbili kubwa zilizoendesha friji hilo. Mumewe Tharcisse, fundi wa meli bandarini, alizileta nyumbani kwao, eneo la Shari, akisema amezinunua sokoni Ariwara.

Mwongo mkubwa. Betri zile zilikuwa za dharura: injini ya meli ikizimika, ndizo zinazowasha taa na redio ili watu waombe msaada. Meli zote tano za bandari ile zilikuwa na hizo mbili tu. Kila siku ya ukaguzi Tharcisse alizifunga kwenye meli ya zamu, mkaguzi akaona taa, akapiga muhuri, betri zikarudi kupoza soda. Tharcisse na mafundi wenzake walifanya hivyo miaka mitatu, tena wakicheka. Wiki mbili zilizopita meli mojawapo ilizimika gizani karibu kabisa na ufuko, wavuvi hawakuiona, ikazama na watu wake. Chancelle, mdogo wake Léontine, alikuwemo. Hajapatikana mpaka leo.

Jumatano mchana makucha yalisikika yakikwaruza ndani ya betri, kisha redio ya sebuleni ikajiwasha yenyewe, maji yakabubujika ndani yake, watu wakakohoa, mtoto akalia akakatizwa, na Tharcisse akakata waya wa kwanza, wa pili, zote, na redio ikaendelea tu, mpaka ikaja sauti ambayo Léontine aliijua tangu utotoni.

"Shemeki Tharcisse, tunabonyeza taa, haiwake. Betri iko wapi?"

Léontine alimgeukia mumewe. Hakupiga kelele.

"Weye ulisema Ariwara."

Mwalimu wa msikitini aliitwa. Alitega sikio kwenye betri, akaliondoa haraka.

"Iyi jini haikuingia yenyewe," alinong'ona. "Mutu aliifungulia mulango. Ule mutu aseme mbele ya wenye kufiwa mambo alifanya, hapo njo itatoka."

Tharcisse akamsihi mkewe pembeni: akisema watamfunga, na watoto watakula nini? Léontine alimchukia papo hapo, chuki safi, akatoka kwenda kuwaita wafiwa nyumba kwa nyumba. Kufikia saa tisa uani palikuwa pamejaa. Tharcisse akasimama mbele yao, akafungua mdomo ili akane.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Chancelle. Ilieleza yote: betri, friji, muhuri, kicheko, na majina ya meli zote tano. Maji yalimchuruzika Tharcisse kidevuni. Wanawake walilia kwa hasira, na hakuna aliyemgusa.

Mwalimu alisogea taratibu. "Basi, imesemwa. Toka sasa."

Tharcisse alitikisa kichwa, macho yake yakiomba msaada, na ile sauti ikajibu kwa upole:

"Sitoke. Kungali meli ine, na kesho zinasafiri bila betri."