Mvumo Chini ya Miguu ya Dereva

Walikutana kituo cha mafuta, saa ya watu kutoka kazini, honi zikigombana na kila mtu akimlaumu aliye mbele yake. Mwanamume alikuwa fundi wa magari, ovaroli imepauka magotini, amesimama na kidumu akingoja zamu. Gari dogo jeupe likachepuka kutoka barabara kuu, redio juu kabisa, na chini ya ule muziki fundi akasikia kitu kingine. Gereji nzima ilimwita Sikio, kwa sababu aliujua ugonjwa wa gari kabla boneti haijafunguliwa.

Akainama dirishani.

"Dada, samahani. Hebu punguza redio."

Mwenye gari alivaa gauni la zambarau, futi ya kupimia nguo imemning'inia shingoni kama mkufu. Akamtazama kuanzia viatu hadi utosi. "Kwani wewe ni trafiki wa muziki?"

"Gari lako linavuma."

"Najua. Ndiyo maana nimepandisha redio."

Sikio akacheka mpaka akamgonga mwenzake kwenye foleni, mafuta yake yakamwagika. Kufika zamu yake alikuwa ameshapata namba ya simu, ameshajua kwamba dada yule anashona mapazia na kuyapeleka mwenyewe kwa wateja, na ameshambatiza jina: Pazia.

Jumamosi iliyofuata wakaenda kulisikiliza gari barabarani. Pazia anaendesha, Sikio kando, dirisha limefungwa. Alimwambia akaze mwendo, na mvumo ukapanda. Akamwambia atoe gia, gari liserereke lenyewe. Injini ikatulia, mvumo ukabaki vilevile. Kwa hiyo si injini. Kisha akamwambia ayumbishe usukani polepole, kushoto, kulia. Kila gari lilipoelekea kushoto, uzito ukalalia kulia, na sauti ikawa nzito. Hapo hapo Sikio akajua. Beringi, kile chuma kinachobeba gurudumu la mbele, upande wa dereva, chini ya miguu ya Pazia kabisa. Kazi ya saa mbili, lakini ikiachwa gurudumu linaweza kuchomoka.

"Umeipata?" Pazia akauliza.

Fundi akamwangalia vidole vyake kwenye usukani, akawaza: nikisema nimeipata, Jumamosi ijayo atakuja kufanya nini?

"Bado. Inawezekana ni matairi. Nitayabadilisha nafasi, la mbele nyuma, halafu tusikilize tena wiki ijayo."

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, mtu angeweza hata kuuonea huruma. Lakini ulikaa chini ya miguu ya binti ya mtu.

Wakaenda hivyo Jumamosi tatu. Katikati ya wiki ni simu tu. Sikio anauliza mgonjwa wetu anaendeleaje, Pazia anajibu kwamba mgonjwa anakula mafuta na kulalamika kama mume. Wenzake gereji wakaanza kumwita bwana harusi wa matairi. Yeye beringi alikwisha kuinunua, ipo ndani ya droo, akijiambia wiki hii nitaifunga, na siku hiyo hiyo nitamweleza yaliyo moyoni. Wiki ikaisha, ulimi ukawa mzito.

Alhamisi asubuhi alipiga simu, ikapokewa na sauti ya mtu mzima.

"Mimi ni mama yake. Mwenyewe anaendesha. Tumepeleka mapazia kwenye hoteli ile ya juu mlimani, sasa hivi tunashuka upande wa pili."

Sikio anaijua njia ile. Mteremko ule una malori na kona.

"Mama, nakuomba. Shusha simu chini, karibu na miguu ya dereva."

Mama akashusha. Sikio akaziba sikio jingine kwa kiganja. Sauti haikuwa mvumo tena. Ilikuwa chuma kinakwaruza chuma, na katikati yake mgongano mdogo: ko, ko, ko.

"Mwambie asimame. Asikanyage breki ghafla. Aachie mafuta, ashushe gia, awashe taa za tahadhari, asogee pembeni taratibu."

"Lakini baba, si ulisema ni matairi?"

"Mama, asimame kwanza."

Akasikia mama akimpa binti maneno yale moja moja, kama anayemwongoza mtoto kushuka ngazi. Akasikia honi ya lori ikija, ikipita, ikififia. Kisha kimya, na mtu akihema.

"Tumesimama," mama akasema.

Sikio alifika kwa pikipiki ya kuazima, jeki mgongoni. Aliponyanyua gari na kulishika gurudumu juu na chini, lilicheza mkononi kama jino la mtoto. Mama yake Pazia alikaa juu ya jiwe, ameukumbatia mkoba. Sikio akachomoa beringi mpya mfukoni.

Pazia akaiangalia. Akamwangalia yeye.

"Umejuaje cha kuja nacho?"

Angeweza kusema ameisikia kwenye simu. Ingekubalika.

"Nilijua Jumamosi ya kwanza," akasema. "Niliogopa gari likipona hutarudi."

Pazia hakupiga kelele. Alimwonyesha kwa kidevu pale mama yake alipokaa. "Huyo ndiye uliyekuwa unamchezea. Na mimi, ningekuja hata kama gari lingekuwa zima. Ungeniuliza tu."

Sikio akafunga beringi, kila nati akaikaza mara mbili. Gari likaondoka kimya kabisa. Alibaki kando ya barabara na jeki yake.

Akampigia wiki nzima, simu haikupokewa. Wiki ya pili akaacha kupiga. Ya tatu, siku ya kazi, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kwa miguu hadi duka la mapazia. Mama alikuwa ameketi mlangoni akitoa nyuzi kwenye kitambaa. Sikio akamwamkia, akamwomba radhi yeye kwanza, bila kujitetea. Mama akasogeza kiti chake apate kupita.

Ndani, cherehani ikanyamaza.

"Gari halivumi," Pazia akasema bila kugeuka. "Umeleta shida gani?"

"Sina shida. Nimekuja kukuona."

 Pazia akachukua ncha moja ya pazia refu, akamnyooshea.

"Shika hapo. Usiachie mpaka nikuambie."

Akashika.