Silinda ya Tatu Haijafa

Chumba cha nyuma cha nyumba ya Mama Mashuka hakikauki. Mvuke wa pasi hupanda, ukuta hutoa jasho, na dirisha huwa jeupe kama maziwa. Hapo ndipo mashuka ya hospitali hunyooshwa kila asubuhi.

Mama Mashuka hupiga pasi. Mumewe hukunja. Aliumia mgongo miaka miwili iliyopita, akaacha kuendesha gari. Lakini hakuna anayekunja shuka kama yeye: pembe kwa pembe, bila kunyanzi. Wakimaliza, mkewe hupakia mashuka kwenye pikapu yao kuukuu, akayapeleka hospitali. Ni lazima yafike kabla ya saa sita mchana.

Mwanzoni watu walimcheka. "Mwanamke na pikapu hiyo? Ataweza?" Aliweza. Akaendelea kuweza, mpaka waliocheka wakachoka.

Kisha pikapu ikaanza kutetemeka.

Ikisimama, ilitikisika kama mtu mwenye homa. Ikipanda mlima wa hospitali, ilikohoa na kuishiwa nguvu. Nyuma ilitoa harufu kali ya petroli. Madereva huita hali hiyo "kumisi": injini inaruka pigo, kama mtu anayetembea huku mguu mmoja umekufa ganzi.

Siku ya kwanza alichelewa saa moja. Siku ya pili gari lilizima katikati ya mlima, akachelewa saa tatu. Mkuu wa wauguzi alimpokea mlangoni.

"Mama, leo wagonjwa wangu wamelala juu ya magodoro matupu," alisema. "Nakuheshimu sana. Lakini ukichelewa mara ya tatu, nitatafuta mtu mwingine."

Mama Mashuka alikwenda gereji ya barabara kuu. Fundi wa pale alifungua boneti, akasikiliza kidogo, akabadilisha plagi zote nne. Plagi ndizo zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Gari liliendelea kumisi. Mashuka akawa anayapeleka kwa gari la kukodi, lililokula faida yake yote. Kesho yake alirudi gereji. Fundi alijifuta mikono, hata boneti hakuifungua.

"Injini imekufa, mama. Pistoni zimekwisha. Uza chuma hicho."

Maneno yana miguu. Jioni hiyohiyo shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa ameshaketi barazani.

"Shemeji, nimempata mtu," alisema. "Ananunua vyuma chakavu. Jumatatu saa nne nakuja naye kulivuta gari."

"Nani amekwambia tunauza?"

"Injini imekufa! Fundi amesema."

"Fundi amesema. Mimi sijasema."

Shemeji akamgeukia kaka yake. "Kaka, mwambie mkeo."

Mume hakuinua macho kutoka kwenye shuka. "Mke wangu ana masikio. Mwambie mwenyewe."

"Jumatatu nakuja na mnyororo," shemeji alisema, akasimama.

"Njoo nao," Mama Mashuka alijibu. "Utafanya nao mazoezi."

Shemeji aliondoka kwa hasira. Mama Mashuka alirudi kwenye pasi yake. Alikuwa amejibu kwa ukali, lakini moyoni alikuwa na hofu. Je, kama kweli injini imekufa?

Upande wa pili wa ukuta aliishi mwanamke mmoja anayetengeneza pampu za maji za mji. Watu walimwita Fundi Pampu. Kelele za mitambo zilikuwa zimempunguzia usikivu, kwa hiyo aliongea kwa sauti kubwa, na mtaa mzima ulijua mambo yake. Jumamosi asubuhi Mama Mashuka alimwendea.

"Jirani, injini yangu imekufa au haijafa?"

"Alipima nini huyo aliyesema?" Fundi Pampu alipaza sauti.

"Hakupima. Alisikiliza."

"Daktari akikwambia umekufa bila kukushika mkono, utalala kaburini?"

Mama Mashuka alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Fundi Pampu alikuja na mkoba wake, akaufungua, kisha akakunja mikono.

"Mimi nitasema, wewe utafanya," alisema. "Gari si langu. Kwanza funga kilemba chako vizuri, ukanda wa feni usije ukakinasa. Vua bangili. Breki ya mkono, gia huru. Nyuma kuwe wazi, moshi wa eksozi unaua."

"Tuanze na pistoni zilizokwisha," aliendelea. Mama Mashuka alichomoa waya mkuu wa umeme wa cheche, ili injini isiwake. Akatia alama kwenye nyaya za plagi: moja, mbili, tatu, nne. Akafungua plagi zote. Fundi Pampu alimpa kipimo chenye mshale kama wa saa.

"Hiki kinapima nguvu ya kubana hewa. Silinda ni kile chumba ambamo pistoni inapanda na kushuka. Pistoni ikichoka, hewa inavuja, mshale haupandi. Kifunge penye plagi."

Mume aliketi taratibu kwenye usukani, akakanyaga mafuta mpaka chini, akazungusha ufunguo. Injini ilizunguka bila kuwaka. Mshale ulipanda, ukasimama. Walifanya hivyo silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mara zote nne mshale ulisimama karibu mahali palepale, juu.

"Maana yake nini?" aliuliza Mama Mashuka.

"Maana yake umedanganywa! Pistoni ni nzima!"

Mume alipiga usukani kwa kiganja. Hofu ilimtoka Mama Mashuka, na mahali pake pakaingia hasira safi, ile inayompa mtu kazi ya kufanya.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa tumtafute mvivu. Silinda nne ni watu wanne wanaobeba jeneza. Mmoja akiacha kubeba, gari linayumba. Ni nani?"

Walirudisha plagi na nyaya, wakawasha gari. Likatetemeka kama kawaida. Fundi Pampu alimpa koleo lenye mipini mizito ya mpira.

"Usishike waya kwa mkono mtupu. Umeme ule utakurusha. Chomoa mmoja tu, sikiliza, rudisha haraka. Ukichomoa waya wa silinda inayofanya kazi, gari litazidi kuumwa. Ukichomoa wa mvivu, hakuna kitakachobadilika, kwa sababu alikuwa habebi kitu."

Mama Mashuka alichomoa waya wa kwanza. Gari liliyumba, karibu lizime. Alirudisha. Waya wa pili, vivyo hivyo. Fundi Pampu hakusikia vizuri, basi aliweka kiganja juu ya bodi ya gari, akafumba macho.

Waya wa tatu ulichomoka. Gari liliendelea kutetemeka vilevile.

"Huyo!" walisema wote watatu pamoja.

Walijaribu wa nne ili kuhakikisha. Gari likayumba. Mvivu alikuwa mmoja tu.

"Basi nikanunue plagi ya silinda ya tatu," alisema Mama Mashuka.

"Huoni ni kosa lilelile? Yule alinunua bila kupima. Hamisha kwanza, nunua baadaye. Zima gari, lipoe. Plagi ya tatu iweke ya pili, ya pili iweke ya tatu. Ugonjwa ukihama na plagi, plagi ni mbovu. Ukibaki, plagi haina hatia."

Walisubiri, wakahamisha, wakawasha. Walichomoa nyaya tena moja moja. Mvivu alikuwa bado silinda ya tatu.

"Plagi haina hatia," alisema mume kutoka kwenye usukani, kama hakimu.

"Sasa zima, hamisha waya. Wa tatu upeleke ya pili, wa pili upeleke ya tatu, ncha zote mbili."

Gari liliwaka. Mama Mashuka alichomoa waya kwenye silinda ya tatu, gari likayumba. Silinda ya tatu ilikuwa inafanya kazi! Alichomoa kwenye ya pili. Hakuna kilichobadilika.

Alisimama na koleo mkononi. "Ugonjwa umehama," alisema polepole. "Umehama na waya."

"Zima. Utazame huo waya."

Aliuchomoa, akaupindapinda vidoleni. Upande wa chini, ngozi yake ya mpira ilikuwa imesagika mpaka waya wa ndani ukaonekana. Kwa muda mrefu ulikuwa umelalia chuma na kusuguana nacho. Cheche ilikuwa ikirukia kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Petroli haikuungua, ikatoka nyuma mbichi. Ndiyo ile harufu.

"Waya!" Mama Mashuka alisema. "Gari zima lipelekwe kuyeyushwa kwa sababu ya waya!"

Siku hiyohiyo alinunua nyaya mpya, zote nne, kwa kuwa umri wao ulikuwa mmoja. Alizifunga mwenyewe kwa kufuata namba, akazibana mbali na chuma na mbali na joto. Alipowasha, injini iliimba kwa sauti moja. Fundi Pampu aliweka kiganja chake juu ya bodi, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Halafu akafunga mkoba wake, koleo akamwachia Mama Mashuka.

Jumatatu saa nne kasorobo, shemeji alifika na mnunuzi wa vyuma na mnyororo. Mama Mashuka alikuwa anapakia fungu la mwisho la mashuka.

"Pole na safari," alimwambia mnunuzi kwa heshima. "Umeitwa kwenye msiba ambao haupo."

"Shemeji, usitutie aibu!" alisema shemeji. "Gari halitapanda ule mlima!"

"Panda nyuma uone. Lakini usikalie mashuka yangu."

Hakupanda. Mama Mashuka aliwasha gari, akawapita, mnyororo ungali mkononi mwa shemeji. Kwenye mlima alikanyaga mafuta. Pikapu ilipanda bila kukohoa, bila kutetemeka, mpaka juu. Alifika saa nne na nusu. Mkuu wa wauguzi alitazama saa ya ukutani, akatazama mashuka.

"Leo umewahi mpaka nimeshtuka," alisema.

"Na kesho nitawahi."

Alipotoka, alimkuta dereva mmoja wa gari la mboga langoni. Gari lake lilikuwa linatetemeka na kunuka petroli. Mzee wa watu alikuwa ameinamia usukani.

"Una nini, baba?"

"Injini imekufa, mwanangu. Fundi wa gereji ya barabara kuu ameniambia niliuze."

Mama Mashuka alirudi kwenye pikapu yake, akachukua koleo lenye mipini ya mpira. Akafunga kilemba vizuri.

"Fungua boneti, baba," alisema. "Tumsikie mvivu ni nani."