Picha za Bati

Jumatatu, saa tisa alasiri. Walthamstow.

Chumba cha nyuma cha duka la kadi za simu kilinuka unyevu. Kamande, mwenye duka na mwenye mpango, alichora ramani juu ya boksi tupu. Thadei alimtazama huku akijikanda goti. Miaka hamsini na tisa, vifungo viwili, na hakimu wa mwisho alimwambia waziwazi: ukirudi mara ya tatu, utafia humo. Aliogopa jela kuliko kitu chochote duniani.

"Rudia," Kamande alisema.

Jokha akarudia. Alikuwa mpenzi wa Thadei, na kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao.

"Bibi Damyanti huchukuliwa na gari ya hospitali kila Jumanne, saa nne kasoro robo. Hurudi saa saba. Ufunguo umo kwenye kiboksi cha mlangoni, namba n'nazo. Albamu imo ndani ya kopo la nyuzi, chini ya kitanda."

"Na picha?"

"Zilizochapwa juu ya bati, za watu wa kale. Kila sura kama ukucha wa kidole gumba. Albamu yenyewe yaingia kiganjani. Anazo nyingi, lakini hiyo ndiyo pekee isiyopungua hata sura moja."

"Mikono iwe mikavu," Kamande alimwambia Thadei. "Bati likiguswa na maji linashika kutu, na buyer hataki kutu. Dakika sita, in and out."

Hakuna aliyetabasamu. Wizi nao ni kazi, na hawa watatu walikuwa wamechoka nayo kama wengine wanavyochoka na zao.

Jumanne, saa nne na dakika tano asubuhi. Barking.

Kamande alibaki garini. Thadei aliingia, kofia imeshuka hadi kidevuni, macho tu nje. Goti lilimuuma kila ngazi. Akafungua mlango wa chumba cha kulala.

Bibi Damyanti alikuwa ameketi kitandani, kavaa koti, mkoba mapajani. Gari ya hospitali haikuja.

"Shikamoo, mama," Thadei akasema.

Lilimtoka tu. Kwao Songea hukuweza kumpita mzee kimya, ulichapwa usipomwamkia. Kwa mwizi aliyefunika uso, ulikuwa ujinga mtupu.

"Marahaba," bibi akajibu kwa Kiswahili cha Tanga. Akamtazama kuanzia viatu. "Namba za ufunguo anazo Jokha. Ndiye aliyekutuma?"

Thadei akakwepa macho yake, na hilo likatosha. Akavuta kopo, akatia albamu ndani ya koti, akashuka amejaa aibu.

"Usiguse nyuso," bibi alisema nyuma yake. "Shika pembeni."

Saa nne na dakika kumi na mbili.

"Yumo ndani," Thadei alisema garini. "Amejua ni Jokha."

Kamande hakuwasha gari. Alitoa kisu chini ya kiti.

"Rudi umalize."

"Ni mzee, bwana."

"Jokha akishikwa ataongea by lunchtime. Halafu ni mimi, halafu ni wewe. Na wewe ni mara ya tatu. Ama niende mwenyewe?"

Angekwenda. Thadei alimjua. Akachukua kisu.

Saa nne na robo.

Alifunga mlango wa nyumba kwa ndani, makomeo yote mawili. Akatupa kisu ndani ya sinki, akapanda juu, akavua kofia. Akaiweka albamu mapajani mwa bibi, akakaa sakafuni.

"Wapigie polisi, mama. Sema nilikuja peke yangu. Jokha hahusiki, nakuomba."

Miaka minne Jokha alipanda mabasi mawili kila mwezi kuja kumwona jela. Thadei hakuwa na kingine cha kumlipa.

Bibi alifungua albamu, akapitia sura zote bila haraka. Kisha akachungulia dirishani, akainua simu, akazungumza Kiingereza taratibu. Mwizi mmoja yuko hapa chumbani, ametulia. Mwingine yuko nje, gari la bluu. Wa tatu ni mhudumu wangu, Jokha. Saa hizi yuko kwa mzee mwingine, Bwana Avtar, mtaa wa pili.

"Mama, nilikuomba," Thadei alisema.

"Nimekusikia. Lakini yule nilimwita mwanangu."

Nje gari liliondoka kwa kasi. Thadei akatoa simu yake mfukoni, akaanza kutafuta namba ya Jokha. Bado kulikuwa na muda wa kumwambia akimbie.

Bibi Damyanti akanyoosha mkono.

"Nipe," akasema.

Thadei akampa, kwa mikono miwili.