Yaliyo Chini ya Ukurasa

Foleni ya benki asubuhi ile ilikuwa imefika mlangoni, na aliyeisimamisha alikuwa mwanamke mmoja wa gauni la rangi ya limau, bangili tatu mkononi, fimbo nyeupe ameiegemeza kaunta kama yuko kwake nyumbani.

"Dada, weka tu dole gumba hapa," karani alimwambia kwa mara ya tatu.

"Nitaweka ukishanisomea."

"Ni fomu ya kawaida tu."

"Basi isome kikawaida."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akatazama saa yake kwa makusudi, ili wenzake waone kwamba anatazama saa. Nyuma ya mzee alikuwepo kijana wa suti ya kijivu na viatu vipya vilivyolia kila anapokanyaga. Huyo alikuwa mkaguzi wa hesabu, na alikuwa na haraka kuliko wote, kwa kuwa saa tatu alitakiwa kwenye chama kimoja cha kusaidia wasioona, akachunguze kama fedha za wafadhili zinakwenda zinakotakiwa. Akajipenyeza mpaka mbele.

"Samahani dada, nikusomee?"

"Viatu vyako vinapiga kelele," yule dada akasema. "Haya, soma."

Akasoma. Tena alisoma kwa ile sauti ambayo mwanaume huitoa akijua anasikilizwa na mrembo. Alipomaliza, dada akatabasamu.

"Umeruka mstari."

"Sijaruka!"

"Mwezi uliopita mwishoni palikuwa na mstari wa makato. Leo umeenda wapi?"

Akainama kutazama. Kweli, chini kabisa, herufi ndogo kama sisimizi. Akausoma huku masikio yanamwaka moto.

"Mimi kitu changu kikisomwa, kinasomwa chote," dada akasema. Akaweka dole gumba, akachukua fimbo yake, akaenda zake, na mkaguzi wetu akabaki ameduwaa pale kaunta mpaka yule mzee akamuuliza kama ameota mizizi.

Saa tatu na dakika kumi akabisha hodi kwenye ofisi ya chama. Na nani alikuwa amekaa kwenye meza ya mweka hazina? Huyo huyo, na gauni lake la limau.

"Viatu," alisema hata kabla ya salamu. "Umenifuata?"

"Mimi ndiye mkaguzi wenu."

"Ala! Na unaruka mistari?"

Hapo mkaguzi alikwisha. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, ameshakagua viwanda, maduka na hospitali, na hakuwahi kusahau kufungua mkoba wake. Siku ile aliusahau mpaka saa nne.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Chama kilikuwa na wanachama sitini. Kiliwanunulia fimbo nyeupe, kiliwalipia watoto wasioona masomo, na wafadhili walikuwa wamesema waziwazi kwamba bila hati safi ya mkaguzi hawatoi tena hata senti. Mweka Hazina alikuwa haoni tangu utotoni, na daftari lake la fedha aliliandika kwa nukta nundu, yale maandishi ya vitone yanayosomwa kwa vidole, ukurasa mmoja kwa kila siku ya kazi. Karani wa ofisi alipiga chapa nakala ya hesabu. Mkaguzi alipaswa kulinganisha nakala na daftari, na daftari hakuweza kulisoma. Kwake yeye zilikuwa karatasi nene zenye vipele.

Ndipo akaletwa Mwalimu.

Mwalimu alifundisha nukta nundu shule ya mtaa wa pili, naye pia haoni. Mrefu, shati jeupe limenyooka mpaka linatia hasira, manukato ya kiasi, sauti nzito inayotoka bila haraka. Mkaguzi alimchukia kabla hajavuta kiti. Kila asubuhi Mwalimu aliweka vidole kwenye karatasi, akasoma kwa sauti, na mkaguzi akaweka tiki kwenye nakala. Umeme, tiki. Fimbo kumi na mbili, tiki. Kumbe wakati anaweka tiki, macho yake yako kwenye vile vidole. Vilipita taratibu pale pale ambapo vidole vya Mweka Hazina vilipita. Jamani, mtu anaweza kuwa na wivu na karatasi? Huyu alikuwa nao.

Kwa sababu kufikia wiki ya pili, mambo yalikuwa yameshaanza. Alikuwa amemuuliza Mweka Hazina kama amekula. Siku nyingine wakala pamoja. Halafu zikaja simu za jioni.

"Halo, Bwana Tiki."

"Umejuaje ni mimi?"

"Simu yangu inatamka majina. Wewe nimekuandika 'Usumbufu'."

"Futa, uandike 'Mpenzi'."

"Lete vielelezo kwanza."

Mkaguzi akacheka mpaka dada yake wa kuzaliwa, aliyekuwa anakaa naye, akagonga ukuta. Kisha, badala ya kushukuru Mungu na kulala, akauliza:

"Na Mwalimu umemwandika nani?"

"Mwalimu nimemwandika Mwalimu. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe huulizi tu. Huulizi tu hata siku moja."

Sasa, sheria ya kazi yao iko wazi: mkaguzi akianza mapenzi na anayemkagua, amwambie bosi wake siku hiyo hiyo, apewe mwingine. Yeye alijiambia kwamba simu si mapenzi. Chakula cha mchana si mapenzi. Alijidanganya vizuri sana, kwa utaratibu, kama mtu aliyesomea.

Wiki ya tatu Mwalimu akafikia kurasa za mwezi ule ule wa ukaguzi. Akasoma hesabu ya siku aliyofika mkaguzi, kisha vidole vikashuka chini ya ukurasa, palipokuwa na mistari mingine miwili ya vitone. Vikasimama. Mwalimu akatabasamu, akafunua ukurasa mwingine.

"Hapo chini kuna nini?" mkaguzi akauliza.

"Si hesabu."

"Ni nini basi?"

"Ni mambo yake."

Mambo yake! Ukurasa wa pili, vidole vikashuka tena, na safari hii Mwalimu akacheka kabisa, kile kicheko cha puani. Mkaguzi akaikandamiza kalamu mpaka ikatoboa nakala. Yaani wanaandikiana. Wanaandikiana mbele ya macho yangu, kwenye daftari la fedha, kwa maandishi nisiyoyajua, na mimi ndiye ninayepigia tiki! Ndivyo alivyowaza, na kadiri alivyowaza ndivyo alivyoamini. Mchana akawakuta kwenye korido, mkono wa Mweka Hazina uko begani kwa Mwalimu, wanacheka mpaka anafuta machozi. Viatu viliposikika, wote wawili wakanyamaza. Nani angelala siku hiyo?

"Si umuulize?" dada yake alimwambia jioni ile huku anapanga nguo.

"Nitamuuliza kesho kwenye kikao."

"Kikaoni? Kaka, wewe mzima kweli?"

"Ni suala la kikazi."

"La kikazi! Hebu jiangalie macho yako kwenye kioo."

Hakujiangalia.

Ijumaa saa nne kamati ikakaa, watu tisa, Mama Mwenyekiti mbele. Mweka Hazina alivaa blauzi ya bluu na hereni ndogo. Alikuwa na furaha. Hesabu zilikuwa zimekubali zote, mpaka senti ya mwisho, na alijua.

Mkaguzi akasimama, akakohoa.

"Hesabu hazina tatizo. Ila kwenye kurasa za mwezi huu kuna maandishi ambayo sijasomewa. Naomba yasomwe yote, mbele ya kikao."

Mweka Hazina akageuza uso kuelekea kwake. "Hayo hayahusu fedha."

"Linalohusu na lisilohusu huamuliwa na mkaguzi."

"Bwana mkaguzi," Mwalimu akasema polepole, "fikiria tena. Nakuomba."

Aha, anaficha! "Wenyewe mnasema kitu kikisomwa kinasomwa chote," mkaguzi akajibu, na aliona jinsi maneno yale yalivyompiga Mweka Hazina, akayafurahia. Ndiyo, aliyafurahia. Tusimfiche.

Mama Mwenyekiti akashusha pumzi. "Soma, Mwalimu. Tusije tukaambiwa tumeficha kitu."

Mwalimu akafungua daftari. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Tarehe tatu. 'Mkaguzi amefika. Viatu vinalia kama bata. Sauti nzuri, maswali ya kuudhi.'"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Tarehe tano. 'Ameniuliza kama nimekula. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza kama nimekula.' Tarehe kumi na moja. 'Tumeongea saa nzima. Nilimwambia nina usingizi. Uongo mtupu, sikupata hata lepe.'"

"Inatosha," mkaguzi akasema kwa sauti ndogo.

"Umesema yote," Mweka Hazina akajibu. "Mwalimu, malizia."

"Tarehe kumi na saba. 'Nampenda. Nitamwambia akishaondoka na ripoti yake, si kabla. Sitaki mtu aseme nilinunua hati safi kwa mapenzi.'"

Mweka Hazina akainuka, akapapasa fimbo yake, ikamponyoka, akaiokota mwenyewe.

"Nilikulindia kazi yako," akamwambia mkaguzi. "Nililinda kazi yako kuliko wewe." Akatoka.

Jumatatu mkaguzi akamweleza bosi wake ukweli wote. Bosi alimsikiliza, akavua miwani, akamwita mjinga mara mbili. Akamwondoa kwenye kazi ile, akampa onyo la maandishi, na ukaguzi ukaanza upya chini ya mama mmoja wa makamo asiyecheka na mtu. Fedha za wafadhili zikasimama. Watu waliokuwa wanangoja fimbo wakaambiwa wangoje tena.

Mweka Hazina hakupokea simu. Siku nne, siku tisa. Siku ya kumi na moja simu ya mkaguzi ikaita, akaidaka kabla ya mlio wa pili.

"Ni Mwalimu. Usizime."

"Sizimi."

"Nikwambie kitu, kaka. Mwaka juzi nilimposa. Alinikataa kwa heshima, tukabaki marafiki. Kwa hiyo wivu wako haukuwa wa kipuuzi sana. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma pale chini jinsi anavyokupenda wewe. Unafikiri nilikuwa nacheka kwa raha?"

Kwa mara ya kwanza ikamwingia mkaguzi kwamba kule mezani palikuwa na wanaume wawili wenye wivu, na mmoja wao alikuwa muungwana.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi si wa kuombwa. Na yeye hataki faraghani. Amesema ulimwaibisha mbele ya watu tisa, uje mbele ya watu tisa. Alhamisi, saa nne."

Alhamisi alifika saa tatu na nusu. Mkaguzi mpya alikuwa ameshatoa hati safi na kuaga, na chumba kilikuwa na uchangamfu wa watu waliopona. Ulikatika alipoingia. Mweka Hazina alikuwa na lile gauni la limau, mikono ameipanga juu ya meza.

"Simama pale," akamwambia. "Nitakuuliza, utajibu. Usiruke kitu."

"Sawa."

"Siku ile ulitaka kusomewa nini?"

"Nilitaka kusikia jina la Mwalimu."

"Kwa sababu ya fedha?"

"Kwa sababu ya wivu. Fedha nilishazikagua. Zilikuwa safi."

Mama Mwenyekiti akajigeuza kitini.

"Na lingesomwa jina la Mwalimu, ungefanya nini?"

Hilo hakulitegemea. Angeweza kusema asingefanya kitu. Aliwatazama watu tisa wale, akamtazama yeye.

"Ningeandika hoja kwenye ripoti. Ningesema daftari lina mashaka."

"Lilikuwa na mashaka?"

"Hapana. Ningesema uongo. Ningewanyima watu fimbo kwa sababu umecheka na mwingine badala yangu." Akainamia viatu vyake. "Hilo linaninyima usingizi. Onyo la kazini si kitu. Kwamba ningeweza, hilo ndilo linalonitesa."

Mweka Hazina alikuwa anazungusha bangili, moja moja.

"Ungesema usingefanya," akasema hatimaye, "ningekwambia utoke na usirudi. Nilikaa siku kumi na nne nikiomba Mungu usinidanganye." Akaziacha bangili. "Nimekukasirikia mpaka leo. Na nakupenda mpaka leo. Sijui nifanyeje na vyote viwili."

"Niolewe nawe..." Ulimi ukamteleza, watu wakaangua kicheko, akaona haya, akaanza tena. "Nataka kukuoa. Nasema mbele yao wote. Ukitaka miaka miwili ya kukasirika, nitangoja."

"Wivu je, umekuisha?"

Akamwangalia Mwalimu, shati jeupe, mabega mapana, ametulia kama kawaida yake.

"Bado ninao," akasema.

"Nilijua. Sasa sikiliza. Mama yangu na wajomba hawakujui. Utatuma mtu kwetu akusemee, akae nao, awaeleze wewe ni nani, na kila swali alijibu kweli tupu. Mshenga wako namchagua mimi." Akanyoosha mkono upande wa pili wa meza. "Ni Mwalimu. Akikubali yeye, nimekubali mimi. Usipomtaka Mwalimu, hunitaki."

Watu wote wakageuka. Mtu pekee duniani aliyekuwa na sababu ya kumharibia ndiye angebeba neno lake, aingie nyumba ambamo mwenyewe alishawahi kukataliwa, akamwombee mwingine. Mkaguzi akazunguka meza mpaka kwa Mwalimu, akashika mkono wake kwa mikono miwili.

"Kaka, utaniendea?"

Mwalimu akaweka mkono wake wa pili juu ya mikono ile, Mama Mwenyekiti akaweka kiganja mdomoni.

"Jumamosi asubuhi," Mwalimu akasema. "Ila nitawaambia kila kitu, hata kikao kile."

"Waambie."

"Mjomba wake mkubwa ni mkali."

"Waambie tu, Mwalimu. Waambie yote."

Mweka Hazina akainamisha kichwa mezani, na kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa akalia mbele ya watu, wala hakujali nani anamtazama.