Walisafisha Sauti ya Mume Wangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, mkaazi wa Msambweni, mjane mwenye mtoto mmoja. Na kabla hujaniambia "pole dada, ni kazi ya Mungu," ngoja kwanza! Kufiwa nilikubali. Ninalolilia hapa lilifanywa na watu.

Marehemu mume wangu, Juma, alikuwa mwalimu wa madrasa. Alikuwa na kompyuta moja kuukuu, na humo aliunda mwenyewe programu ya kuwafundisha watoto herufi. Ukibonyeza alif, unamsikia akisoma alif. Ukipatia, anakwambia, "Ahsanta, mwanangu!" Ukifika qaf, unamsikia akijikohoza kwanza... Picha zake ninazo. Lakini sauti? Simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu, na kwa yangu sikuwahi kumrekodi. Sauti yake ilikuwa humo, basi.

Alipofariki, binti yetu Mwanaisha alikuwa na miaka minne. Kila asubuhi alikaa mbele ya ile kompyuta, akibonyeza na kucheka na baba yake. Mimi nimo chumbani, niko edani, namsikia mume wangu sebuleni... Jamani! Nilikuwa nalia na kushukuru kwa pamoja.

Haukuisha mwezi, kompyuta ikazima. Shemeji yangu Salim, mdogo wake marehemu, akaipeleka kwa fundi Ukunda. Fundi akasema mashine imekufa, lakini vilivyomo ni vizima. Akavihamishia kwenye laptop, kisha akaweka kitu anachokiita emuleta. Hiyo ni programu inayojifanya kompyuta ya zamani, kwa sababu kompyuta za siku hizi hazikuielewa kazi ya Juma.

Laptop ikaletwa. Herufi zikatokea! Mwanaisha akabonyeza alif... ikatoka sauti nzito, inavutika na kukwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Mtoto akanigeukia. "Mama, huyu si baba."

Fundi alikuwa ameshamwambia Salim kwamba emuleta na ile programu hazijapatana upande wa sauti, na kwamba ikisumbua arudishiwe. Lakini mimi niko edani! Na mama mkwe kwa mambo ya eda hana mchezo. Alinikataza kutoka, hata kuzungumza na mwanamume wa kando kwa simu, shemeji akiwemo. Basi nikampa yeye maneno amfikishie mwanawe: "Sauti ya Juma inakwaruza. Fundi aisafishe, kingine asikiguse." Huku kwetu msoma kaswida akikwama koo huambiwa asafishe sauti. Nilikosea wapi?

Mama mkwe akayafupisha: "Mwambie fundi aisafishe." Naye Salim, ambaye haraka zake zinajulikana Msambweni nzima, akafika Ukunda na neno moja tu: "Isafishe." Isafishe nini? Sauti, au kompyuta? Fundi, kijana wa bara, akamuuliza, "Yote?" Na bwana yule akajibu, "Yote!" Hata kupiga simu nyumbani aulize, hakuona haja.

Laptop ikarudi nyepesi, inafunguka upesi... na tupu! Nikasahau makatazo, nikamwambia Salim mwenyewe haidhuru, ile kuukuu ipo, vihamishwe tena. Salim akainama. Alikuwa ameshaiuza kwa watu wa vyuma chakavu. "Si vyote vilishahamishwa, shemeji?" Lo! Nilipiga ukelele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba wa pili. Na hawakukosea.

Nilipotoka eda, safari yangu ya kwanza ilikuwa Ukunda. Fundi akanipa kiti. "Mathe, pole sana. Sisi mafundi, kusafisha ni kufuta kila kitu. Ningejua ni voice ya mzee, singegusa." Akatafuta mabaki ndani ya laptop mpaka alasiri, nami nimekaa pembeni yake nikiomba dua. Hakupata kitu. Sikuweza hata kumkasirikia. Salim nimemsamehe kwa ulimi, lakini moyo bado unakataa, nisiwadanganye.

Juzi Mwanaisha akaniuliza, "Mama, baba alikuwa anaongeaje?" Nikafungua kinywa nimuigize... nikajikuta siwezi. Miaka saba ya ndoa! Maneno yake nayakumbuka, lakini yote yananijia kwa sauti yangu mimi.

Ndugu wasomaji, nawasihi. Kama sauti ya mpenzi wako imo ndani ya mashine kuukuu, usikubali mashine iondoke eti vilivyomo vimeshahamishwa. Vikihamishwa, visikilize kwanza kimoja kimoja. Na kwa jambo kama hili usitume mtu. Nenda mwenyewe, na kama huwezi, subiri mpaka utakapoweza. Siku ile mwanangu alipobonyeza alif, simu yangu ilikuwa mkononi. Ningeweza kurekodi! Nikasema la, nitarekodi ikishakuwa safi... Leo ningeipokea na mikwaruzo yake yote.